Ukubwa Ndiye Mwamuzi: Rekodi za Matone, Viputo na Chembe

Hakuna uwanja wenye washindani wengi kama hewa na maji. Kila sekunde vumbi linapaa, matone yanaanguka, viputo vinapanda, tope linatua. Wapo wanaokwenda kasi kuliko gari la barabara kuu, na wapo wanaohitaji zaidi ya karne moja kumaliza safari yao. Mwamuzi wa mashindano haya ni mmoja tu, naye ni ukubwa.

Kanuni ya mchezo iliandikwa mwaka 1851 na George Gabriel Stokes, mwanahisabati mzaliwa wa Ireland aliyekuwa profesa Cambridge. Alikuwa akichunguza namna hewa inavyopunguza mwendo wa pendulamu, akajikuta amepata pia hesabu ya tufe dogo linalozama. Jibu lake ni kwamba kasi hufuata mraba wa kipenyo. Punje iliyo kubwa mara mbili ya mwenzake huzama kwa kasi mara nne. Iliyo kubwa mara kumi, mara mia. Lakini kanuni hiyo ni ya wadogo tu. Kitu kikishakuwa kikubwa, hewa au maji yanayokipisha huvurugika nyuma yake, na hapo kuongezeka ukubwa mara mbili huongeza kasi kwa asilimia 40 hivi, basi. Karibu rekodi zote zinazofuata zilipatikana ama pale kanuni ya Stokes ilipofikishwa mwisho wake, ama pale ilipokaidiwa.

Tone kubwa la mvua kuliko yote

Wachoraji huchora tone la mvua likiwa na ncha juu na tumbo chini. Tone halisi linaloanguka halina umbo hilo. Likiwa dogo, chini ya milimita 2 hivi, ni tufe, kwa sababu mkazo wa uso wa maji hulibana sawasawa pande zote. Likikua zaidi, hewa inayolipiga kutoka chini hulibonyeza, likawa kama nusu ya chungwa iliyolazwa upande uliokatwa. Likizidi milimita 5 au 6, ule upande wa chini huingia ndani, ngozi ya maji hutanuka na kuwa nyembamba, kisha hupasuka. Tone moja likawa matone kadhaa madogo, na kila moja likaanza upya.

Philipp Lenard alikwishalichunguza jambo hili Ujerumani mwaka 1904. Alijenga bomba la kupuliza hewa kwenda juu, akayaning'iniza matone ndani yake na kuyatazama yakibonyea na kuvunjika. Mwaka huohuo, mkulima wa Vermont, Marekani, aitwaye Wilson Bentley, alichapisha vipimo vya matone alivyovipata kwa njia ya jikoni: alitoa nje sufuria ya unga wakati wa mvua, akairudisha ndani, akaacha unga ukauke, kisha akapima vidonge vilivyojitengeneza pale kila tone lilipoangukia.

Kwa hiyo tone lenye milimita 8 lilipaswa kuwa muhali. Mwaka 2004, Peter Hobbs na Arthur Rangno wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha picha zilizonaswa na vifaa vya ndege yao ndani ya mawingu, zikionyesha matone yenye kipenyo cha milimita 8.8 na pengine hata sentimita 1. Mengine yalikutwa Brazil mwaka 1995, katika mawingu yaliyopanda juu ya moto wa msituni. Mengine visiwa vya Marshall mwaka 1999. Maelezo yao ni kwamba kule Brazil chembe kubwa za moshi zilitoa mahali pa maji kujikusanyia, na kule Marshall matone yalikuwa yamesongamana mno hata yakagongana na kuungana upesi kuliko yalivyovunjika.

Tone kubwa la kawaida hushuka kwa mita 9 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 32 kwa saa. Bila hewa ya kulizuia, tone lililotoka wingu la mita 2,000 lingetufikia kwa kilomita 700 kwa saa, na hakuna mwavuli ambao ungefaa. Upande wa pili wa mizani yupo mtoto wa wingu, kitone cha sehemu mbili za mia za milimita. Huyo hushuka sentimita 1.2 kwa sekunde. Toka mita 1,000 angehitaji karibu saa 23, na upepo mdogo tu unaopanda unatosha kumrudisha alikotoka. Ndiyo maana wingu halianguki, ingawa kila kilichomo ndani yake kinaanguka.

Jiwe kubwa, jiwe zito, na mahali yanapoanguka mno

Barafu haipasuki kwa upepo, hivyo jiwe la mvua linaweza kukua hadi wingu lishindwe kulibeba. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatambua kuwa jiwe zito kuliko yote lilianguka Gopalganj, Bangladesh, tarehe 14 Aprili 1986, likiwa na uzito wa kilo 1.02. Kwa upana, lililopimwa kubwa kabisa Marekani ni la Vivian, South Dakota, la tarehe 23 Julai 2010: kipenyo sentimita 20.3, uzito karibu gramu 880. Mawe ya namna hiyo hushuka kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Ili yakue kiasi hicho, lazima ndani ya wingu kuwe na upepo unaopanda kwa kasi inayokaribia hiyo, ukiyashikilia juu huku yakijipaka maji na kuganda, tabaka juu ya tabaka.

Rekodi ya wingi wa siku iko Kenya. Kericho, kwenye nyanda za juu za chai, iliwahi kupata mvua ya mawe siku 132 ndani ya mwaka mmoja. Mwinuko ni sababu mojawapo. Kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mawe hayapati masafa marefu ya hewa ya joto ya kuyayeyusha njiani. Na kila mchana unyevu wa Ziwa Viktoria hupanda kukutana na vilima. Lakini watafiti walikuwa na mshukiwa mwingine pia. Mwaka 1982 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba majani ya chai yaliyoanguka na kuoza chini ya mashina hutoa chembe zinazosaidia maji kuganda. Chembe hizo zikipaa, wingu hupata mbegu za kuoteshea barafu. Kama ndivyo, shamba la chai linachangia kutengeneza mvua inayolipasulia majani.

Msafiri wa polepole kuliko wote baharini

Chukua chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye kipenyo cha sehemu moja ya elfu ya milimita, uidondoshe katikati ya bahari. Kwa hesabu ya Stokes itazama sentimita 7 au 8 kwa siku. Wastani wa kina cha bahari kuu ni karibu mita 3,700, kwa hiyo safari itachukua zaidi ya miaka 130, nayo itarefuka zaidi kwa sababu maji baridi ya chini yana mnato mkubwa. Kwa muda wote huo mikondo ingeizungusha chembe kutoka bara hadi bara, na tope la mahali fulani lisingekuwa na habari yoyote ya maji yaliyo juu yake.

Mambo hayako hivyo, kwa sababu ya viumbe wanaokula na kwenda haja. Viumbe wadogo wa juu huchuja maji, humeza chembe pamoja na mwani, na kuvitoa vikiwa vimefungwa pamoja katika kinyesi. Vidonge vya salpa, mnyama laini anayepenyeza nuru, huzama zaidi ya mita 1,000 kwa siku. Safari ya zaidi ya karne moja inakuwa ya siku nne. Umoja ni nguvu, na hapa nguvu yenyewe ni ile ya mraba: chembe elfu moja zikishikamana kuwa donge lenye kipenyo mara kumi, donge huzama mara mia. Hii ni mojawapo ya njia kuu ambazo bahari huzitumia kuzika kaboni inayofyonzwa toka hewani.

Punje iliyokaidi hesabu

Punje ya mchanga ya milimita 0.45 si vumbi. Ukiishika vidoleni unaihisi. Angani hushuka kwa karibu mita 3 kwa sekunde. Hata dhoruba ya Sahara ikiinyanyua hadi kilomita 5, itakuwa chini ndani ya nusu saa, na kwa upepo wa kilomita 70 kwa saa haitafika hata kilomita 40.

Mwaka 2018, watafiti walioweka mitego ya vumbi katika Atlantiki walitangaza kwamba walinasa punje kubwa za Sahara, zikiwemo zenye ukubwa huo wa milimita 0.45, katika vituo vilivyo kilomita 2,400 na 3,500 kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Wametaja sababu kadhaa zinazowezekana: upepo mkali wa tabaka za juu, mawingu ya radi yanayozinyanyua upya njiani, na chaji za umeme zinazozisukuma punje zisitue. Hakuna hata moja ambayo peke yake imemaliza ubishi.

Wadogo zao husafiri mbali zaidi, tena kwa mizigo mizito. Bonde la Bodélé nchini Chad, sakafu ya ziwa kubwa lililokauka, ndilo linalotoa vumbi jingi kuliko mahali pengine popote duniani penye ukubwa wake. Vipimo vya setilaiti vya mwaka 2007 hadi 2013 vilikadiria kwamba kila mwaka karibu tani milioni 28 za vumbi la Afrika hutua katika bonde la Amazon, zikibeba tani 22,000 za fosforasi. Mbolea hiyo inakaribia kulingana na ile ambayo mvua na mito huiondoa katika ardhi ya msitu.

Mpaka uliokosewa kwa gharama kubwa

Mtu akikohoa, hutoa vitone vya ukubwa wa kila namna. Mwaka 1934 mhandisi wa Marekani, William Wells, alipiga hesabu ya mbio mbili zinazoshindana: kitone kuanguka na kitone kukauka. Vikubwa hufika chini kabla ya kukauka. Vidogo hukauka vikiwa bado hewani, na kilichomo ndani yake huendelea kuelea. Mpaka kati ya makundi hayo ulikuwa karibu na sehemu moja ya kumi ya milimita.

Baadaye, katika vitabu vya tiba, mpaka huo ulihama bila ushahidi ukawa maikromita 5, yaani mdogo mara ishirini. Ikafundishwa kwamba chochote kinachouzidi huanguka ndani ya mita moja au mbili. Linganisha na Stokes. Kitone cha sehemu moja ya kumi ya milimita kikitoka kimo cha mdomo, mita 1.5, hufika chini kwa sekunde sita hivi. Cha maikromita 5 huchukua zaidi ya nusu saa. Cha maikromita 1 huchukua karibu saa 12, na chumba chenye watu hakina hewa iliyotulia kiasi hicho.

Tarehe 28 Machi 2020, Shirika la Afya Duniani liliutangazia umma kwamba UVIKO-19 hauenezwi kwa njia ya hewa. Mwezi huohuo Lydia Bourouiba wa taasisi ya MIT aliandika kwamba chafya hutoka kama wingu la joto na unyevu linaloweza kuvibeba vitone mita 7 hadi 8. Dunia ilisafisha vitasa vya milango kwa bidii huku madirisha yakibaki yamefungwa. Shirika hilo lilibadilisha kauli hatua kwa hatua, na mwaka 2024 likatoa istilahi mpya zisizotegemea tena ule mpaka wa maikromita 5. Waswahili walisema usidharau mwiba, mguu huota tende. Hapa kilichodharauliwa kilikuwa kidogo kuliko mwiba mara elfu.

Kitone kilichopima kitu kidogo kabisa

Robert Millikan, akiwa Chicago na mwanafunzi wake Harvey Fletcher, alinyunyiza mafuta kati ya sahani mbili za chuma. Kila kitone kilikuwa na upana wa sehemu chache za elfu za milimita. Kupitia darubini, alikitazama kimoja kikishuka kwa uzito wake: kasi hiyo, kwa kanuni ya Stokes, ilimpa ukubwa. Kisha aliwasha umeme kati ya sahani, kitone kikaanza kupanda: kasi ya kupanda ikampa kiasi cha chaji. Kitone kilekile aliweza kukishusha na kukipandisha tena na tena kwa saa nzima. Kila mara chaji ilitoka katika mafungu kamili ya kiasi kimoja, na kiasi hicho ni chaji ya elektroni.

Matokeo ya mwaka 1913 yalitokana na vitone 58, na Millikan alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1923. Namba yake ilikuwa pungufu kwa asilimia 0.6 ikilinganishwa na inayokubaliwa leo. Umeme aliupima vyema. Alichokosea ni mnato wa hewa. Hata elektroni ilipimwa kwa kutegemea namna hewa inavyokinza tone la mafuta.

Asiyepumzika kamwe

Punguza ukubwa zaidi, na Stokes peke yake hatoshi. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea wa Scotland, Robert Brown, aliona kwa darubini chembe zilizotoka katika chavua zikitikisika majini bila kukoma. Alidhani ni uhai. Akasaga kioo, mawe na hata kipande cha sanamu ya Sphinx, na unga wa vitu hivyo visivyo na uhai ukatikisika vilevile. Ushahidi wake mzito ulikuwa jiwe la quartz lenye maji yaliyonaswa ndani yake tangu lilipoumbika. Chembe za ndani ya maji hayo zilikuwa zinacheza. Kama rekodi ni kwenda muda mrefu bila kusimama, hizo zilikuwa na umri wa miamba.

Albert Einstein alieleza sababu mwaka 1905: molekuli za maji huigonga chembe kutoka pande zote, na hakuna sekunde ambayo magongano hayo hulingana kabisa. Jean Perrin akazihesabu chembe moja moja, akapata idadi ya molekuli zilizomo katika kiasi maalumu cha maada, na mwaka 1926 akapewa Nobel. Wanafizikia waliokuwa bado wakizikana atomu walikosa pa kujificha.

Kiputo kinachoyumba, na kiputo kinachoogopwa

Leonardo da Vinci aliandika kwamba kiputo kikubwa hakipandi kwa mstari mnyoofu, bali huyumba au kujizungusha. Kidogo hupanda wima. Mpaka uko wapi? Jibu lililokubaliana na vipimo lilipatikana mwaka 2023, pale Miguel Herrada wa Seville na Jens Eggers wa Bristol walipokokotoa kwamba katika maji, kiputo chenye nusu kipenyo kinachozidi milimita 0.926 hupoteza unyoofu. Kiputo kikiinama kidogo, ule upande uliojikunja zaidi hupitisha maji kwa kasi zaidi, shinikizo lake hupungua, na kiputo husukumwa kurudi. Kisha huinamia upande wa pili. Swali lilikaa miaka 500 likisubiri kompyuta.

Wapiga mbizi wana sababu zao za kuvihofia viputo. Kadiri wanavyokwenda chini, ndivyo gesi nyingi inavyoyeyuka katika damu na misuli. Wakipanda haraka, gesi hiyo hutoka ikiwa viputo ndani ya mwili. Rekodi ya Guinness ya mbizi ya mitungi ni ya Mmisri Ahmed Gabr, mita 332.35, huko Dahab mwezi Septemba 2014. Kushuka kulimchukua dakika 14 hivi. Kupanda kulimchukua zaidi ya saa 13.

Kiputo chenye joto kali kuliko vyote baharini

Ukizama kwenye miamba ya matumbawe, iwe Mafia au Watamu, utasikia mlio usiokatika wa kupasukapasuka. Mpigaji ni kamba mwenye urefu wa sentimita chache, wa jamii ya Alpheus, ambaye gando lake moja ni kubwa karibu nusu ya mwili wake. Kidole cha juu cha gando kina jino, na cha chini kina shimo linalolipokea. Kamba hulifungua gando, hulikaza, kisha huliachia. Ndani ya muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde jino hutumbukia shimoni, na maji yaliyokuwemo hufyatuka kwa mita 25 kwa sekunde.

Maji yanayokwenda kasi namna hiyo hupoteza shinikizo, hata huchemka bila moto. Kiputo huzaliwa mbele ya gando, hupanuka, kisha bahari hukiponda. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mlio ni wa makucha kugongana. Mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi na Ujerumani walipiga zaidi ya picha 40,000 kwa sekunde, wakaonyesha kwamba gando likishafungwa bado kuna ukimya. Mlio hutoka kiputo kinapopondeka. Mwaka uliofuata wakanasa mwangaza unaotoka wakati huohuo, mfupi na hafifu mno kwa jicho la mtu. Ili kitu kitoe mwanga wa namna hiyo, joto la ndani linapaswa kufikia nyuzi 5,000 hivi za Kelvin, ambalo halipungui sana joto la uso wa jua. Shabaha, samaki mdogo au kaa, huzimia au kufa.

Viputo vya aina hiyohiyo hula pangaboi za meli hadi chuma kiwe na mashimo. Mwaka 1917 Lord Rayleigh alikokotoa shinikizo linalotokea kiputo kinapopondeka, baada ya wanamaji wa Uingereza kulalamika kuhusu uharibifu huo.

Kiputo kikubwa, na ghala kubwa la viputo visivyozaliwa

Volkano ya Bogoslof huko Alaska ililipuka chini ya maji kati ya Desemba 2016 na Agosti 2017. Vinasa sauti vilirekodi mawimbi ya sauti nzito ambayo sikio haliyasikii, na kutokana nayo wanasayansi wakakadiria viputo vya gesi vyenye kipenyo cha mita 100 hadi 440. Kiputo kikubwa cha kundi hilo kingefunika viwanja vinne vya mpira vilivyopangwa mstari mmoja.

Hata hivyo, viputo vya kutupiwa jicho zaidi ni vile ambavyo bado havijatokea. Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, lina kina cha mita 485. Katika maji yake ya chini zimeyeyuka kilomita za ujazo 300 hivi za kaboni dioksaidi na karibu 60 za methani. Hazipandi kwa sababu uzito wa maji ya juu umezibana, na kwa sababu maji ya chini, yenye chumvi nyingi, ni mazito na hayachanganyiki na ya juu. Zaidi ya watu milioni mbili wanaishi kandokando, Goma ikiwemo, ambako watu huyajua mazuku, mabonde na mashimo yenye kaboni dioksaidi inayotoka ardhini na kuua mifugo na watu wanaoingia bila habari.

Kinachoweza kutokea kilionekana Kamerun. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos, dogo mno mbele ya Kivu, lilifumuka. Maji ya chini yalipopanda kidogo, gesi ikaanza kutoka. Viputo vikayafanya maji yawe mepesi, nayo yakapanda zaidi, gesi ikatoka zaidi. Wingu la kaboni dioksaidi liliteremka mabondeni na kuua zaidi ya watu 1,700, wengine wakiwa kilomita 25 kutoka ziwani.

Dawa yake ni tabia hiyohiyo. Mwaka 2001 bomba refu lilishushwa Nyos hadi karibu na sakafu. Pampu ilihitajika kuanzisha tu. Baada ya hapo viputo vyenyewe viliyavuta maji juu, vikarusha chemchemi ya mita 50 hivi, na gesi ikatoka kidogo kidogo. Rwanda hufanya hivyo Kivu kwa faida: mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa mwaka 2016, huvuta maji kutoka mita 350, hutenga methani na kuzalisha megawati 26 za umeme.

Tone lililochelewa kuliko yote

Mwaka 1927 profesa Thomas Parnell wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, alimimina lami iliyopashwa moto katika faneli ya kioo. Akaiacha itulie, na mwaka 1930 akakata shingo ya faneli. Alitaka wanafunzi waone kwamba kitu kinachovunjika kwa nyundo kinaweza kuwa kimiminika. Mnato wa lami hiyo umekadiriwa kuwa mara bilioni 230 ya ule wa maji. Tone la kwanza lilianguka mwaka 1938. Hadi leo yameanguka tisa tu, la mwisho mwaka 2014, na Guinness inalitambua jaribio hili kuwa jaribio la maabara lililodumu kuliko yote.

John Mainstone, aliyelitunza tangu mwaka 1961, hakuwahi kuona tone likidondoka. Mwaka 1988 alitoka kidogo kutafuta kinywaji, likadondoka nyuma yake. Mwaka 2000 kamera ilikuwa imewekwa, lakini ikashindwa kufanya kazi saa ileile. Chuo cha Trinity, Dublin, chenye lami yake tangu 1944, ndicho kilichofanikiwa kupiga picha ya tone likianguka, Julai 2013. Mainstone alifariki mwezi uliofuata.

Tangu jengo la Queensland lilipowekewa viyoyozi katika miaka ya 1980, lami imekuwa ngumu zaidi, na pengo kati ya tone na tone limeongezeka kutoka miaka minane au tisa hadi kumi na miwili, kumi na mitatu. Kwa hesabu hiyo zamu ya tone la kumi imewadia katika muongo huu. Kamera inaonyesha moja kwa moja kwenye intaneti na kuingia ni bure. Anayependa kuwa shahidi ana nafasi sawa na profesa yeyote, na akilikosa hili, lami iliyobaki ndani ya faneli inatosha kwa miaka mingine mia.